Pistoni ya Kushoto

Fundi mwoga kama yule hajapata kuonekana katika kazi ya vyuma. Alikuwa akikaza nati, anaondoka, anarudi kuigusa, anaondoka, anarudi tena. Wateja wakamwita Kagua Tena. Jina hilo alilipokea bila kununa, kwanza kwa sababu lilikuwa la kweli, na pili kwa sababu jibu lake alikuwa nalo mdomoni kila siku: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika miaka kumi na tisa ya kutengeneza pikipiki, hakuna hata moja iliyotoka karakanani kwake ikamtupa mtu barabarani. Waliocheka walicheka, lakini pikipiki zao waliendelea kumletea yeye.

Sasa pikipiki iliyokuwa mbele yake safari hii haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya mama yake.

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sitini na tisa, mfupi, mwenye mikono mikubwa, na kuogopa hakukujua. Pikipiki ile ya silinda mbili na kabureta mbili alikabidhiwa na zahanati akiwa bado msichana, na alikwenda nayo kuzalisha jua likiwaka na mvua ikinyesha, mpaka alipostaafu wakamwachia. Ilipokataa kuwaka aliifunika turubai nyuma ya nyumba, ikakaa hapo miaka kumi na moja, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Mwaka huu akaamka na lake: anataka kuipanda tena, mara moja tu, hadi zahanati na kurudi, wale wakunga vijana wamwone.

"Nikifa sijaipanda, nitarudi kukusumbua," alimwambia fundi, binti yake. Mzazi akishatoa tishio la namna hiyo, huna la kumjibu.

Fundi akakubali, na tangu alipokubali usingizi ukampaa. Njia ya zahanati inashuka mteremko mrefu, na chini ya mteremko kuna kona kali, na baada ya kona kuna daraja jembamba ambalo upande mmoja halina kingo. Breki za pikipiki ile zilikuwa za kizamani, za kuombwa mapema. Mafuta yakigoma kukata pale juu, injini isipunguze mwendo, mama yake atakuwa mtoni. Fundi aliliwaza hilo akipiga mswaki, akaliwaza akitia chai sukari, na mara mbili akajikuta ametia chumvi.

Ndiyo maana kabureta zile alizifanyia kazi wiki mbili nzima. Alipozifungua alikuta petroli ya miaka kumi na moja imeganda humo ndani ikawa gundi ya kahawia. Akaviloweka vyuma, akazibua vijitundu vyote kwa uzi wa shaba, kimoja baada ya kingine, akapuliza kwa hewa, akatia maboya mapya, sindano mpya na gasketi mpya alizozikata mwenyewe. Kilichomnyima raha kilikuwa zile pistoni mbili ndogo za kabureta. Ni vipande vya mviringo, vinene kidogo kuliko kidole gumba, na kila kabureta ina yake. Ukivuta mafuta kwa mkono inapanda, ukiachia inashuka. Ikikwama juu, injini itaendelea kukimbia hata kama mkono umeshaachia.

Pistoni hizo zilikuwa zimelika pamoja na kabureta zao kwa miaka arobaini, kama kiatu na mguu. Ya kushoto ndiyo iliyokuwa na matatizo yake. Zamani hizo kuna fundi mwenye nguvu kuliko akili aliyeikaza kabureta ile kupita kiasi, ikapinda kidogo, na tangu hapo haikukubali pistoni nyingine isipokuwa ile iliyopinda nayo. Kwa hiyo fundi aliweka vikombe viwili mezani: cha bluu kwa vyuma vya kushoto, cheupe kwa vya kulia. Sheria ya karakana ilikuwa kwamba kilichomo kikombeni hakihami. Na kwa kuwa yeye ni yeye, hakutosheka na vikombe. Alichukua msumari akakwaruza kijistari kwenye kitako cha pistoni ya kushoto.

Jumamosi asubuhi ikawa siku ya kufunga. Mama alikuwa ameshavaa helmeti tangu saa moja, amekunywa chai nayo, na sasa alisimama nyuma ya binti yake akimhemea shingoni.

"Hii mimba umeibeba wiki mbili," alisema. "Zaa basi!"

"Mama, ukinikimbiza nitakosea."

"Wanawake wote wanasema hivyo, na wote wanajifungua."

Fundi alitia mkono katika kikombe cha bluu. Vyuma vilikuwa vinang'aa hata akashangaa; hakukumbuka kuvisugua kiasi kile. Lakini mama alikuwa akigonga helmeti kwa kucha, ta, ta, ta, na mikono ya fundi ilishazoea kwamba cha bluu ni cha kushoto. Akaitia pistoni kwenye kabureta ya kushoto. Ilipanda na kushuka. Akatia ya kulia, nayo ikapanda na kushuka. Kitako hakukigeuza kutafuta kijistari. Haraka haraka haina baraka, kila mtu anaujua msemo huu, na wengi huukumbuka jioni.

Injini iliwaka kwa teke la tatu. Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Fundi akachukua ile pembe ya mbao ambayo mama yake aliitumia kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, maana tangu aanze kazi hiyo ndiyo aliyotumia kusawazisha kabureta. Unaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza unasikiliza jinsi inavyovuta pumzi, kisha ya pili, halafu unazungusha skrubu taratibu hadi zote mbili ziwe zinavuta sawa. Alihama kushoto, akahama kulia, akazungusha robo, akarudisha nusu ya robo. Zikalingana.

Akavuta mafuta, akaachia. Mlio ukapanda, ukashuka. Akavuta tena. Ukapanda, ukashuka. Mara ya tatu ulichelewa. Si sana; kama mtu anayeitwa akaitika kwenye wito wa pili. Akavuta mara ya nne, ukashuka vizuri. Akajiambia ni waya mpya, ni grisi bado nzito.

"Mama, shuka kwanza. Tuiache ipate moto nusu saa hivi, niijaribu tena."

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti, mguu kwenye gia.

"Moto itaupata njiani," alisema, na akaondoka mgongo wima kama askari wa gwaride.

Fundi alibaki amesimama na pembe mkononi. Hapo ndipo mama mdogo alipotokea jikoni na sufuria.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa mjane aliyehamia kwao na mabegi mawili na sufuria saba, na alizipenda sufuria zile kuliko baadhi ya ndugu zake. Alikuja nayo amenyoosha mkono, ameiweka mbali na pua.

"Nusa," alisema. "Hebu nusa! Maziwa yangu yote yananuka petroli. Mwambie mama yako akitaka kuchemsha uchafu wake anunue sufuria yake."

"Uchafu gani, mama mdogo?"

"Si vile vyuma vyako vya mezani! Jana jioni ulipotoka kununua waya. Kavichemsha humu dakika ishirini, eti haviwezi kuingia mwilini vichafu vile. Nikamwambia, dada, ile ni pikipiki, siyo mjamzito. Wapi! Amezoea hivyo."

Fundi aligeukia meza, akavitazama vikombe vyake. "Vya vikombe vyote viwili?"

"Vyote. Kavimwaga humu pamoja, akavipanga kwenye kitambaa cheupe, vinavyofanana na vinavyofanana, kama mikasi ya kuzalishia. Vikapoa, akavigawa kwenye vikombe vyako, kimoja huku, kimoja huku. Vizuri tu. Sasa mbona unanitazama hivyo?"

Fundi alikumbuka ule mlio uliochelewa. Pistoni ya kulia iko kushoto. Kabureta ikiwa baridi itapita. Ikipata moto, itabana. Na pikipiki ile huchukua dakika kumi kupata moto sawasawa, na kutoka pale nyumbani hadi juu ya mteremko ni dakika kumi na mbili.

Ufunguo wa kuzimia uko chini ya kiti, upande wa kushoto. Ili uufikie lazima uachie usukani kwa mkono mmoja na uiname. Mama hajaugusa akiwa mwendoni kwa miaka kumi na moja.

Nje ya karakana kulikuwa na pikipiki ya muuza mikate, imeletwa kubadilishwa mnyororo, na sanduku lake la mikate bado lilikuwa limefungwa nyuma. Kagua Tena aliirukia bila kutazama mafuta, bila kubonyeza tairi, bila helmeti. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo kama hilo. Alikwenda mbio huku mfuniko wa sanduku ukipiga makelele mgongoni kwake, na machozi yakimtoka kwa upepo na kwa hofu, hata yeye hakujua yapi ni yapi.

Alihesabu. Dakika nne ameshaondoka, tano na maneno ya sufuria. Penye duka la vioo palikuwa na mpaka rangi juu ya ngazi.

"Umemwona mkunga?" fundi alipiga kelele.

"Amepita hapa anapaa!" mpaka rangi alijibu akicheka, brashi juu. "Bibi bado ana nguvu yule! Nimempigia makofi!"

Anapaa. Mama hakuwa mtu wa kukimbiza pikipiki. Alizoea kubeba dawa na vyombo vya kioo. Fundi aliongeza mwendo. Alianza kuomba, lakini maneno ya sala hayakuja. Lililokuja lilikuwa moja tu, zima, mama, zima, zima, na alilisema kwa sauti njia nzima.

Alipofika juu ya mteremko aliona alama nyeusi ya tairi kwenye lami. Ilianza katikati ya barabara ikaenda ikipinda kulia, hadi kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta ule, gurudumu la mbele ndani ya mtaro, usukani umepinda, ubavu mmoja umekwanguka rangi yote. Ilikuwa imezimika. Helmeti ilikuwa chini. Mama hakuwepo.

Fundi alishuka pikipikini. Alitazama chini mteremkoni, akatazama kona na daraja, akawa anaogopa kutazama maji. Akachungulia mtaroni. Hapana mtu. Kisha akasikia mtu akipumua kwa shida, upande wa pili wa barabara.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, kiatu kimoja hana, goti limechubuka, mikono yake mikubwa ameibana katikati ya mapaja. Fundi alikuwa ameuona uso ule katika misiba na katika mafuriko, na hakuwahi kuuona ukiogopa. Sasa aliuona, na akatamani asingeuona.

"Mama! Umeumia wapi? Nionyeshe."

"Niliachia," mama alisema. "Nilidhani nimeachia. Mkono ulikataa."

"Mama..."

"Injini inalia, barabara inashuka, nauambia mkono achia, hauachii. Nikaiegemeza ukutani, nikainama, nikazima." Alitoa ufunguo, akamtilia binti yake kiganjani na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Chukua. Mkono umeshazeeka. Sipandi tena. Na huko nyumbani mwambie mdogo wangu nimechoka tu."

Neno lilikuwa mdomoni mwa fundi. Mama, siyo mkono wako. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa la kweli. Lakini ufunguo ulikuwa kiganjani mwake, mama yake alikuwa hai, na amesema mwenyewe hapandi tena. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili hofu ilimtoka, taratibu, kama maji ya moto yanavyopita mgongoni. Akalimeza neno lile. Akautia ufunguo mfukoni.

"Sawa, mama," alisema. "Twende nyumbani."

Pikipiki ilirudishwa kwa mkokoteni ikafunikwa turubai. Siku ya kwanza mama alilala. Siku ya pili alikaa kibarazani akiitazama mikono yake, mmoja halafu mwingine, kama anavyotazama mtu vitu vilivyomwibia. Chai alimwomba mdogo wake amimine. Mama mdogo, ambaye kwa kawaida angesema maneno ishirini, alimimina kimya kimya, kisha akaja karakanani akasimama.

"Dada yangu ana nini?" aliuliza.

"Amechoka tu," fundi akajibu, akainamia kazi ambayo haikuwepo.

Siku ya tatu jirani aliyejifungua wiki iliyopita alipita na mtoto wake. Mtaani pale hakuna mtoto ambaye hakuanza kwa kushikwa na mkunga yule, hata baada ya kustaafu kwake. Jirani akamnyooshea kile kifurushi. Mama akarudisha mikono nyuma ya mgongo.

"Hapana," alisema. "Nitamwangusha."

Jirani alicheka akidhani ni utani, halafu akaona siyo utani. Fundi aliyaona yote hayo kutoka mlangoni mwa karakana akiwa na tambara mkononi. Hofu ya kumpoteza mama mtoni alikuwa ameifunga mfukoni pamoja na ufunguo, na kumbe huku nje alikuwa anampoteza kidogo kidogo, palepale kibarazani, mchana kweupe. Akaingia ndani, akavuta turubai, akachukua bisibisi.

Baada ya robo saa alimwita.

"Mama, njoo uone kitu."

Alikuwa ameweka pistoni mbili juu ya kitambaa cheupe. Akazigeuza vitako juu. "Hii nimeitoa kabureta ya kulia. Unaona huu mstari? Nilichora mimi. Maana yake ni ya kushoto. Na hii isiyo na mstari ndiyo niliyoikuta kushoto, imekwama. Mkono wako uliachia, mama. Kabureta ndiyo haikuachia."

Mama alizitazama kwa muda mrefu. Akaichukua moja, akaipapasa kwa kidole gumba, akaiweka, akaichukua ya pili. Hakuwa mjinga, sufuria ilimjia kichwani bila kutajiwa.

"Nilizichanganya," alisema.

"Ulizichemsha. Aliyezifunga bila kuangalia ni mimi. Mimi, Kagua Tena."

"Watoto elfu mbili na ushee," mama alisema polepole. "Mapacha wote niliwafunga uzi mkononi kabla sijakata kitovu cha wa pili. Sijachanganya hata mmoja." Kisha akainua macho. "Na wewe ulijua lini?"

Fundi alitamani sakafu impasukie. "Siku ileile. Kabla sijakukuta."

"Siku ileile."

"Niliogopa utapanda tena."

"Siku tatu," mama alisema, na sauti yake ilitetemeka, safari hii kwa hasira. "Siku tatu umeniacha nauchukia mkono wangu. Mkono uliokubeba na uliokulea! Ningeingia mtoni ningeumia mara moja."

"Nisamehe, mama."

Mama aligeukia meza ya kazi. Alifungua droo ya nyuzi, akakata kipande cha uzi mwekundu, akakifunga mwenyewe kwenye waya wa kabureta ya kushoto, mafundo mawili, kama alivyowafunga mapacha. Halafu akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo."

Fundi alifunga pistoni, akigeuza kitako cha kila moja mara tatu. Akanyoosha usukani. Akawasha, na akaiacha injini ipate moto saa nzima, akivuta na kuachia mpaka mama mdogo akaja kulalamika kwamba sasa hata ndoto zake zinanuka petroli. Mlio ulishuka kila mara, bila kuchelewa. Kisha fundi hakuwa na kisingizio kingine.

Mama alivaa helmeti. Mguu ukiwa kwenye gia, alisita.

"Umeniambukiza," alisema. "Naogopa."

"Vizuri. Utaachia mapema."

Akaondoka. Fundi alisimama mlangoni na kuhesabu. Mama mdogo alikuja akasimama kando yake. Dakika ya kumi, injini imepata moto. Dakika ya kumi na mbili, mteremko. Ya kumi na tatu, kona. Ya kumi na nne. Fundi alimshika mama mdogo mkono akaubana hadi akaguna. Ya ishirini. Ya ishirini na tano.

Simu ikalia.

"Nimefika," mama alisema, na nyuma yake kulikuwa na kelele na vicheko vya wakunga vijana. "Hawa watoto wananikawiza, wanataka kupiga picha. Narudi sasa hivi."

Fundi alikaa chini pale mlangoni. "Umekagua breki?"

"Nimekagua."

"Na mafuta, yanakata?"

"Yanakata, wewe mtoto! Nimekagua kila kitu."

"Kagua tena, mama."

Fundi alingoja kuchekwa. Badala yake alisikia viatu vya mama yake vikitembea kwenye changarawe, vikasimama, kisha mlio wa injini ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka.